Dondoo muhimu: Njia ya faili isigome ukibadili kompyuta

Windows hutenganisha folda kwa alama ya \, ilhali Linux na macOS hutumia /. Kwa hiyo usiunganishe njia ya faili kwa mkono. Python ina pathlib tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014: andika Path("data") / "nyaraka" / "ankara.csv", nayo itaweka alama inayofaa mfumo uliopo.

Ukiandika "C:\data\nyaraka", \n itasomwa kama mstari mpya na faili halitapatikana. Sisi tunaoyapa mafolda majina ya Kiswahili tunanaswa kirahisi hapa: nyaraka, namba, nakala, yote huanza na n! Tumia / hata kwenye Windows, Python inaikubali.

Kwenye Linux, Picha.jpg na picha.jpg ni mafaili mawili. Windows na macOS, kwa kawaida, huyahesabu kuwa moja, ndiyo maana programu inayokubali kwenye laptopu yako hugoma ikifika kwenye seva. Majina yote yawe kwa herufi ndogo, bila nafasi.

Folda ya mtumiaji iulize kwa Path.home(). Ukiacha jina lako ndani ya msimbo, kwa mwenzako hautafanya kazi.