Uchungu Usiosemwa Utafutiwe Mlango: Shairi, Picha na Igizo Nyumbani



Katika ukurasa wetu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya maji ya kuchemsha, vyandarua, chanjo na lishe ya watoto. Mwezi huu nawaletea somo ambalo huenda hamkulitarajia kutoka kwa muuguzi: kutunga shairi, kuchora picha na kuigiza. Msishangae. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inasema kwamba afya ni kuwa mzima kabisa kimwili, kiakili na kijamii, wala si kutokuwa na ugonjwa tu.

Hospitalini tunaliona jambo hilo kila wiki. Mama anakuja na kichwa kisichopoa. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa presha, iko sawa. Anapewa vidonge vya maumivu, na wiki inayofuata amerudi. Ukikaa naye ukamwuliza taratibu, unasikia kwamba alifiwa, au kuna jambo analojilaumu kwalo na hajamwambia mtu. Maumivu yake si ya uongo. Moyo ukikosa pa kusemea, mwili husema badala yake. Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Wengi wetu tukiambiwa tutunge au tuchore, hujibu upesi: "Mimi sikujaliwa kipaji." Lakini mtazame mtoto wa miaka minne anavyochora kwa kijiti mchangani. Hakufundishwa na mtu. Anachora kwa kuwa ana la kusema. Sisi wakubwa tuliacha siku tulipochekwa. Katika somo hili hatutafuti washindi wa mashindano. Tunatafuta mlango wa kutolea yaliyo ndani.

1. SHAIRI

Mwaka 1858, katika kisiwa cha Pate, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa. Akatunga utenzi wa kumwachia binti yake, Mwana Hashima, ili yale aliyotaka kumwambia yasipotee pamoja naye. Alifariki miaka michache baadaye, na utenzi wake unasomwa hadi leo.

Niruhusuni niseme na ya kwangu. Mwaka 2009 nilimzika mtoto wangu wa tatu, mwenye umri wa miaka saba. Alifariki kwa malaria kali. Mimi ni muuguzi. Watoto wa wenzangu nimewatundikia dripu wakapona, na wa kwangu homa yake niliidhania mafua kwa siku nzima. Kazini nilirudi baada ya wiki mbili, nikacheka na watu kama kawaida. Lakini nyumbani niliendelea kufua nguo zake kila Jumamosi, na jina lake sikulitaja. Ndipo mama mkwe wangu, ambaye alikuwa akitunga mashairi ya harusi, akaniambia: "Mwanangu, kama huwezi kulisema, lihesabie mizani." Nilikaa jikoni nikaandika ubeti huu:

Mlango naufungua, mwanangu humo chumbani,
Nguo zako nazifua, nazianika uani,
Jina lako nalijua, halitoki mdomoni,
Leo hii naamua, kulitaja hadharani.

Si shairi kubwa. Lakini nilipomaliza mstari wa nne nililia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na usiku ule nilimwambia mume wangu kuhusu ile siku moja ya mafua. Yeye alikuwa akijilaumu kwa siku hiyo hiyo.

Kwa nini husaidia? Hesabu ubeti wenyewe: mistari minne, kila mstari mizani 16, yaani nane na nane, na vina katikati na mwishoni. Ukiwa unatafuta neno la silabi tatu linaloishia kwa "-ni", akili inapata kazi ya kushika, na uchungu unatoka kidogo kidogo bila kukuzamisha. Asiyeweza vina aandike barua tu. Mwaka 1986 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, James Pennebaker, alichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi walioandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika juu ya mambo mazito yaliyowapata, pamoja na walivyojisikia, walikwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Lakini angalia: mara tu baada ya kuandika, walijisikia vibaya zaidi. Kwa hiyo usiogope ukilia siku ya kwanza.

2. PICHA

Mwaka 1938 mchoraji Mwingereza aitwaye Adrian Hill alilazwa kwa kifua kikuu. Dawa za kuua vijidudu vya ugonjwa huo zilikuwa bado hazijapatikana. Mgonjwa alilala miezi mingi akisubiri. Hill akaanza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake, akaona moyo wake unapata nguvu, kisha akawafundisha wagonjwa wenzake. Leo kuchora kama sehemu ya huduma kwa wagonjwa ni taaluma inayosomewa.

Wala usiseme huna vifaa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Nyumbani kuna mkaa, udongo, majani na maboksi.

Miaka kadhaa iliyopita tulimlaza mvulana wa miaka minane pamoja na mdogo wake wa kike. Wote wawili walikuwa wameungua kwa uji. Vidonda vya mvulana vilikuwa vidogo, lakini kwa siku tano hakusema neno wala hakula vizuri. Nikampa penseli na karatasi iliyokwisha tumika upande mmoja. Alichora sufuria kubwa, nyeusi tititi, na pembeni kabisa mtu mdogo kama siafu. Sikumwuliza maswali mengi. Nilisema tu, "Nieleze picha yako." Akanong'ona: "Nesi, mimi ndiye niliyeisukuma." Mama yake alikuwa amesimama nyuma yangu. Alimkumbatia akamwambia, "Baba, jiko ndilo lililoyumba. Si wewe." Jioni ile alikula.

Kumbuka jambo hili, mzazi: mtoto akichora, usimwambie "ng'ombe hana miguu mitano," wala usijifanye unajua maana ya kila mstari. Mwombe akueleze, kisha nyamaza usikilize.

3. IGIZO

Shairi na picha mtu huweza kufanya peke yake. Igizo huhitaji watu, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Mwanatamthilia wa Brazili, Augusto Boal (1931–2009), alibuni namna ya kuigiza ambayo mtazamaji huruhusiwa kusimamisha mchezo, kuingia uwanjani na kuonyesha njia nyingine. Hapa Tanzania, katika miaka ya 1980, Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, kama Malya mkoani Mwanza. Huko wanakijiji wenyewe walichagua matatizo yao na kuyaigiza kwa ngoma na maneno yao.

Katika jumuiya yetu tuliwahi kuigiza habari ya baba anayekohoa miezi miwili na kumficha mkewe. Igizo lilipofika mahali ambapo mke anauliza na baba anafoka, tukasimamisha, tukauliza: nani ataingia? Mzee mmoja mkimya, ambaye hatukutegemea, akainuka. Akakaa kwenye kigoda cha yule baba, akasema: "Mama, sikufichi kwa ubaya. Naogopa utanitengea kikombe." Hakuna aliyecheka. Tulizungumza mpaka giza likaingia: kwamba kifua kikuu hakienezwi kwa kikombe bali kwa hewa, kwamba dawa hutolewa bure, kwamba kwa kawaida tiba ni miezi sita. Wiki ile wanaume wawili walikuja kupimwa makohozi. Mabango yetu ukutani yalikuwa yamesema hayo hayo kwa miaka mingi.

TAHADHARI

Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa taarifa iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 na kuonyesha kwamba sanaa husaidia afya kwa njia nyingi. Hata hivyo sanaa haichukui nafasi ya matibabu. Usiache dawa za presha, kisukari au virusi vya UKIMWI kwa sababu umepata amani kwa kutunga. Mlete hospitali bila kuchelewa mtu anayesema hataki kuishi, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ambaye kwa wiki mbili halali, hali, wala hapendezwi na chochote. Mtoto akionyesha kwa picha au maneno kwamba anadhuriwa, usimkaripie wala usilinyamazie. Mpeleke hospitali na utoe taarifa ustawi wa jamii au polisi. Na katika maigizo, msichukue kisa cha jirani mkakiweka wazi. Badilisheni mambo ili asitambulike, au acheni kabisa.

KAZI YA MWEZI HUU

Chagueni jioni moja, redio na simu zizimwe. Kila mmoja, kuanzia bibi hadi mtoto mdogo, achague: ubeti mmoja, picha moja, au igizo fupi la dakika tano. Asiyetaka kuonyesha yake asilazimishwe. Kisha mjadiliane:

1. Ni jambo gani katika nyumba yetu ambalo sote tunalijua lakini hatulisemi?
2. Nani kati yetu amekuwa kimya kuliko kawaida yake?
3. Tukimsikiliza bila kumhukumu, tutakaa naye vipi?

Mimi nguo za mwanangu niliziacha kuzifua. Nimezikunja, na ule ubeti nimeuweka juu yake. Jina lake sasa tunalitaja mezani, na wadogo zake ambao hawakumwona huuliza habari zake.

Tuonane mwezi ujao, ambapo tutazungumzia utunzaji wa meno ya watoto.