Maji ya Visima Vifupi na Umwagiliaji Kibondo

Kiangazi kinapoingia, mkulima wa Kibondo au Kasulu huchimba kisima kifupi bondeni ili amwagilie mboga na maharage. Maji yakiwa maangavu na matamu, huyahesabu kuwa yafaa. Je, ulimi ni kipimo cha kutosha?

Maabara hupima upitishaji umeme, kwani maji hupitisha umeme zaidi kadiri chumvi iliyoyeyuka inavyoongezeka. Kwa mwongozo wa FAO wa mwaka 1985, maji yaliyo chini ya desisimensi 0.7 kwa mita hayana kizuizi kwa upande wa chumvi, yakizidi 3.0 kizuizi ni kikali. Maharage ni dhaifu: mavuno yake huanza kupungua maji yakipita 0.7, hali mahindi hustahimili hadi 1.1 hivi.

Kisha huangaliwa sodiamu. Tuseme lita moja ina miligramu 138 za sodiamu, 20 za kalsiamu na 12 za magnesiamu. Zigawanye kwa 23, 20 na 12. Utapata 6, 1 na 1. Sasa gawanya 6 kwa kipeuo cha pili cha nusu ya jumla ya kalsiamu na magnesiamu: uwiano ni 6. Kalsiamu na magnesiamu zingekuwa 4 kila moja, uwiano ungeshuka hadi 3, ingawa sodiamu ni ile ile.

Chumvi ya Kigoma iko Uvinza, kando ya mto Ruchugi uteremkao kutoka Kasulu, ambako watu wamechemsha maji ya chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nyanda za juu, zilizooshwa na mvua tangu kale, zina hatari iliyo kinyume, nayo husahauliwa mno: maji yenye chumvi chache kupita kiasi. Yakiwa chini ya 0.2, huelekea kutawanya chembe za mfinyanzi. Chembe huziba vinyweleo vya udongo, maji yakatuama juu na mizizi ikabaki na kiu.

Wanafunzi waweza kulichunguza jambo hili. Tia udongo wa shamba katika chupa mbili, ujaze maji ya kisima. Katika moja ongeza unga wa chaki ya ubaoni, ambayo mara nyingi ni jasi. Tikisa, uache hadi kesho. Isiyo na chaki ikibaki na tope, na nyingine ikatakata, udongo huo watawanyika. Udongo mwekundu wa mlimani, wenye oksidi nyingi za chuma, hushikamana vizuri zaidi. Mfinyanzi wa bondeni ndio wa kutiliwa shaka. Maji yachotwe Septemba, kabla mvua hazijayazimua. Jaribio hili halisemi lolote juu ya usalama wa maji ya kunywa.