Wembe na Kinoo: Maelezo kwa Vinyozi wa Fizi na Baraka

Kinyozi akaaye kivulini sokoni Baraka, na mwenzake aliyeko juu mlimani Fizi, wote wawili huulizwa na wateja jambo moja, yaani kama wembe ni mkali. Lakini wembe uwezao kukata unywele hewani waweza pia kumjeruhi mtu shavuni, iwapo makali yake hayakulingana, kwa maana sehemu iliyo butu humlazimisha kinyozi kukandamiza, na sehemu kali iliyo jirani yake ndiyo izamayo ngozini.

Asili ya ila hiyo, aghalabu, si chuma bali ni kinoo. Jiwe lililookotwa mtoni, likanolewa mapanga na visu vya samaki miaka mingi, huwa limeliwa katikati likafanya bonde, na wembe upitao juu yake hulifuata umbo hilo. Basi, kabla ya kunoa, chora mistari ya kalamu ya risasi juu ya uso wa kinoo, tandaza msasa laini uliolowa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, kisha usugue jiwe hapo. Penye mstari uliosalia ndipo penye bonde, wala usikome mpaka yote itoweke. Kazi hii yachosha, na wengi huikwepa.

Wembe wa kukunja umeundwa kwa hekima: unene wa mgongo wake ndio upimao mwinamo wa makali, kwa hiyo mgongo na makali sharti viguse jiwe pamoja. Lowesha jiwe, usukume wembe makali yakitangulia, kwa mshazari, toka shina hadi ncha, ili kila sehemu ipate haki yake. Ukifika mwisho, ugeuze juu ya mgongo wake, urudi kwa ubavu wa pili. Usikandamize. Mwenye shaka na apake wino ukingoni mwa makali, apitishe mara moja, atazame umebaki wapi. Kwenye mkanda wa ngozi mwendo ni kinyume, mgongo hutangulia, la sivyo utaukata mkanda.

Ama usafi, virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kudumu nje ya mwili siku 7 au zaidi, na mkanda wa ngozi hauchemshiki. Kwa hiyo wembe huoshwa kwa sabuni, hupigwa mkandani, ndipo hutiwa dawa. Klorini ya asilimia 0.5, inayofahamika huku kwa sababu ya kipindupindu, huua vijidudu lakini hula chuma: dakika 10 zatosha, kisha usuuze kwa maji safi na kuufuta. Jioni, kwa kuwa unyevu wa Ziwa Tanganyika huleta kutu upesi, paka mafuta ya cherehani; mawese, yajapokuwa tele kwetu, huganda kwenye kiungo cha mpini. Mwenye nyembe mbili hana haja ya kumharakisha mteja, kwani mmoja hunyoa hali wa pili umo dawani.