Mashine ya Kutembelea Nyumbani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Mkazi wa Rongo, Awendo, Mbita au Oyugis anayetaka kufanya mazoezi nyumbani anaweza leo kuagiza mashine ya kutembelea, maarufu kama tredimili, kwa simu na kuichukua katika ofisi ya mizigo ya basi. Zilizo nafuu zaidi ni zile zisizotumia umeme. Mashine ya aina hiyo inaweza kumsaidia mtu kwa miaka, na inaweza pia kugeuka kifaa cha kuanikia nguo baada ya wiki tatu. Inategemea kama mnunuzi alijua anachonunua, na kama alijua hali ya mwili wake, kabla ya kutoa pesa.

Somo hili linaeleza jinsi mashine hiyo inavyofanya kazi, nani inamfaa, mambo ya kukagua dukani na namna ya kuitumia bila kuumia.

Nani anaihitaji?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Kutembea kwa haraka kunahesabiwa, na hakuna lazima dakika hizo zifanywe kwa mkupuo mmoja.

Wakazi wengi wa Migori na Homa Bay tayari wanazipata. Anayelima kwa jembe Uriri, anayekata miwa Awendo, anayevuta nyavu Muhuru Bay au anayebeba maji kutoka mtoni hahitaji kununua mashine ili atoe jasho. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa ni takriban watu 6 au 7 tu kati ya 100 nchini Kenya waliokosa mazoezi ya kutosha.

Lakini kazi zinabadilika. Mwenye duka huketi kutoka asubuhi hadi usiku. Wakala wa M-Pesa, karani, fundi cherehani na dereva wa matatu vilevile. Anapofunga kazi, giza limeingia, na kutembea kando ya barabara kuu ya Kisii hadi Isebania huku malori yakipita ni hatari. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei, hata barabara za mtaani huwa matope. Kwa mtu wa namna hiyo, mashine ndani ya nyumba inaweza kuwa njia ya kufikisha dakika zake 150. Na kwa kuwa haihitaji stima, umeme ukipotea zoezi linaendelea.

Inavyofanya kazi

Mashine isiyo ya umeme ina mkanda uliozungushwa juu ya ubao, ukishikwa na vyuma viwili vya duara, kimoja mbele na kingine nyuma. Ubao huo umeinuliwa upande wa mbele. Mtu anaposhika vishikio na kukanyaga, uzito wake na nguvu za miguu yake ndivyo vinavyousukuma mkanda kurudi nyuma. Akipunguza mwendo, mkanda nao unapunguza. Akisimama, unasimama.

Hapo pana mambo mawili ya kuelewa. Kwanza, mashine hii ni kama kupanda kilima kidogo wakati wote. Dakika kumi juu yake huchosha kuliko dakika kumi kwenye uwanja tambarare, na mwenye maumivu ya goti au kisigino anaweza kushindwa nayo. Pili, mashine ya bei ya chini ni ya kutembea. Mkanda wake ni mfupi na mwembamba, na fremu yake ni nyepesi, hivyo anayetaka kukimbia ataona miguu haina nafasi na fremu inatikisika.

Kioo kidogo cha namba huonyesha muda, umbali na kalori. Muda ndio wa kutegemea. Kalori ni makadirio tu, kwa kuwa mashine nyingi za aina hii hazijui uzito wa anayezitumia.

Kabla ya kulipa

*Uzito.* Kila mashine ina kikomo cha uzito kilichoandikwa kwenye stika au kijitabu chake. Mnunuzi ajipime kwanza, kisha achague mashine ambayo kikomo chake kinazidi uzito wake kwa kilo 15 au 20. Kama itatumiwa na familia nzima au na chama, hesabu ifuate aliye mzito zaidi.

*Mkanda.* Upimwe kwa futi ya fundi, upana na urefu. Mkanda ukiwa mwembamba, mtu mwenye hatua pana atakanyaga kingo na kujikwaa.

*Jaribio.* Mnunuzi avae viatu vya raba na atembee juu ya mashine kwa dakika tano hapohapo dukani. Mkanda ukikwamakwama, ukikimbilia upande mmoja, au vishikio vikiyumba, atafute nyingine. Kwa mashine ya mitumba, akague pia kutu kwenye maungio na nyufa kwenye ubao.

*Vipuri.* Fundi wa jua kali anaweza kuchomelea fremu iliyovunjika, lakini hawezi kutengeneza mkanda. Muuzaji aulizwe kama anauza mikanda, na kwa bei gani.

*Maandishi.* Risiti na masharti ya waranti yawe kwa maandishi, pamoja na jibu la swali hili: mashine ikifika Migori au Homa Bay ikiwa na hitilafu, nani atalipa nauli ya kuirudisha? Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari anazohitaji ili azitumie vyema. Haki hiyo ni rahisi kuidai ukiwa na risiti. Kwa anayeagiza kutoka mbali, ni salama zaidi kulipa baada ya kufungua boksi na kuhesabu vipande vyote.

Presha kwanza, mashine baadaye

Utafiti huohuo wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Mtu anaweza kuishi na presha miaka mingi bila dalili yoyote. Ndiyo sababu kipimo kinatangulia zoezi.

Hakuna haja ya kusafiri mbali. Wahudumu wa afya ya jamii walikabidhiwa vifaa vya kazi mwaka 2023, vikiwemo mashine ya kupima presha na ya kupima sukari, na hutembelea nyumba kwa nyumba. Zahanati pia hupima. Presha ya 140/90 au zaidi inahitaji kupimwa tena na kufuatiliwa na mhudumu. Ikifika 180/110, mtu asianze zoezi lolote kabla ya kuonana na daktari.

Wenye ugonjwa wa moyo, wenye kisukari na akina mama wajawazito wapate ushauri kliniki kabla ya kuanza. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila baada ya zoezi, maana kidonda kidogo kinaweza kumkalia bila yeye kuhisi. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu ameanza mazoezi.

Mahali pa kuiweka

Mashine inataka sakafu ngumu iliyo sawa. Nyuma yake pabaki wazi mita mbili, na kila upande nusu mita, ili anayeteleza asigonge ukuta wala meza. Nyumba ya mabati huwa na joto kali mchana, hasa karibu na ziwa. Wakati mzuri ni alfajiri au jioni, madirisha yakiwa wazi na maji ya kunywa yakiwa karibu.

Watoto ndio walio hatarini zaidi. Mashine nyingi za namna hii hazina kufuli, na mkanda husogea mara tu mtu anapoukanyaga, hivyo vidole vidogo vinaweza kubanwa au kuchunwa. Mwezi Mei 2021, nchini Marekani, kampuni ya Peloton iliondoa sokoni mashine zake za umeme za Tread+ baada ya mtoto wa miaka 6 kufariki na wengine kujeruhiwa. Zoezi likiisha, mashine ikunjwe, ifungwe kwa kamba na kuegemezwa vizuri ukutani isianguke.

Ratiba ya wiki tano

Anayeanza afanye siku tano kwa wiki:

- Wiki ya 1: dakika 10 kwa siku (jumla 50)
- Wiki ya 2: dakika 15 kwa siku (jumla 75)
- Wiki ya 3: dakika 20 kwa siku (jumla 100)
- Wiki ya 4: dakika 25 kwa siku (jumla 125)
- Wiki ya 5: dakika 30 kwa siku (jumla 150)

Dakika tatu za mwanzo na tatu za mwisho ziwe za mwendo wa polepole. Katikati, kipimo ni mdomo: anayetembea aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba. Akiweza kuimba, aongeze mwendo. Asipoweza kumaliza sentensi, apunguze.

Vishikio vishikwe kwa wepesi, kwa kuwa kuvikaza kwa nguvu hupandisha presha. Viatu viwe vya kufungwa, si sapatu, na leso isiburute karibu na mkanda. Wakati wa kushuka, mtu apunguze mwendo hadi mkanda usimame, kisha akanyage pembeni. Akihisi maumivu kifuani, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, aache mara moja na kwenda hospitalini.

Kuitunza

Vumbi na jasho vifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya zoezi. Karibu na ziwa chuma hushika kutu upesi, kwa hiyo mashine isilale nje wala kwenye sakafu yenye unyevu. Mkanda ukianza kukimbilia kulia, bolti ya nyuma upande wa kulia ikazwe robo mzunguko, kisha mashine ijaribiwe. Ukikimbilia kushoto, ni bolti ya kushoto. Mkanda ukiwa mzito, utiwe mafuta ya silikoni kama kijitabu kinavyoelekeza. Mafuta ya kupikia na oili ya gari huharibu mkanda.

Hesabu ya mwisho

Chukua mfano wa mashine ya shilingi 20,000. Ikitumika siku tano kwa wiki kwa miaka miwili, ni mara 520, sawa na takriban shilingi 38 kila zoezi. Ikitumika mara kumi na kuachwa, kila zoezi limegharimu shilingi 2,000. Kwa hiyo anayefikiria kununua ajijaribu kwanza bila gharama: atembee kwa haraka uani au mtaani, siku tano kwa wiki, kwa mwezi mmoja. Akiimaliza, mashine itamfaa. Ikimshinda, pesa zake zimebaki mfukoni, na barabara bado iko pale.

Maswali ya kujikumbusha

1. Presha yako ilipimwa lini mara ya mwisho, na ilikuwa ngapi?
2. Nani mzito zaidi kati ya watakaotumia mashine, na kikomo chake ni kilo ngapi?
3. Mashine itawekwa wapi ili watoto wasiifikie?
4. Katika wiki iliyopita, ulitembea kwa haraka jumla ya dakika ngapi?