Kibu Denis: Mgeni Aliyegeuka Mwenzetu

Kijana mwenzangu, Kibu Denis unamjua. Alizaliwa Kongo, akakulia kwetu akiwa mkimbizi. Akachezea Geita Gold, Mbeya City, kisha Simba. Mwaka 2021 akapewa uraia, akawa wa Taifa Stars. Akifunga tunapiga kelele: “Kijana wetu huyo!”

Lakini huku machimboni, Geita na Shinyanga, aliyefika juzi kutafuta riziki bado tunamwita “wa kuja”. Kwani mpaka afunge goli ndo awe ndugu?

Ruthu Mmoabu alipokelewa Bethlehemu akiwa hana kitu, anaokota masazo ya shayiri tu. Katika ukoo wake akazaliwa Yesu (soma Rut 2, Mt 1:5).

Wiki hii, mwalike mgeni mmoja kwenye jumuiya yenu. Utaanza na nani?