Mgeni wa Barazani Naye Akae Arobaini

Wiki hii nimepata ujumbe wa mdogo wetu mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, nikausoma mara mbili. Aliagiza okidi tatu kutoka Dar es Salaam kwa simu, pesa akatuma, boksi likaja na basi, akalipokea stendi ya Kange usiku. Akazipanga barazani pamoja na okidi mbili alizoachiwa na mama yake. Wiki ya pili, moja ya zile mpya ikaoza katikati, jani ukiligusa linabaki mkononi. Wiki ya tatu ikafuata ya mama. Ananiuliza, "Dada, nimekosea wapi?"

Pole sana, mdogo wangu. Kuagiza hukukosea. Kosa ni moja tu: mgeni umemlaza na wenyeji usiku ule ule aliofika.

Sisi watu wa pwani arobaini tunaijua. Mzazi akijifungua hukaa ndani siku arobaini, yeye na mwanawe, mpaka wapate nguvu. Zamani bandari ya Venice nayo ilizuia meli zilizotoka penye tauni siku arobaini kabla watu hawajashuka, na neno karantini limezaliwa kwenye hiyo hesabu. Basi okidi yoyote inayoingia kwako ikae arobaini yake: peke yake, mbali na wenzake, dirisha jingine kabisa. Imwagilie ya mwisho, kisha nawa mikono. Ugonjwa mwingi uliokuja umejificha ndani ya boksi utajitokeza humo.

Siku ya kufungua boksi, usifanye haraka. Piga picha kabla hujagusa kitu, halafu tafuta tofauti ya uchovu na ugonjwa, maana safari peke yake inatesa mmea. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai huku kwetu ni 62 tu, na hiyo ndiyo iliyoanzisha mashamba yote ya mkonge ya Tanga. Kama mkonge, unaovumilia ukame, uliteseka hivyo, okidi iliyoshinda gizani ndani ya buti la basi itakosaje kulegea? Vitumba vikidondoka, jani moja la chini kabisa likiwa njano, majani yakinywea kidogo, huo ni uchovu. Ipe kivuli, hewa na subira.

Ugonjwa una sura nyingine. Anza na mizizi. Mzizi mzima ni mgumu, mweupe wa kung'aa kama fedha, ukilowa unageuka kijani. Ubonyeze kwa vidole viwili. Ukiwa wa kahawia, laini, ganda linabanduka na kuacha uzi mwembamba katikati, huo umekufa. Kisha geuza majani. Doa la majimaji, kama pametonewa mafuta ya kupikia, linalotanuka kati ya leo na kesho na lenye harufu mbaya, ni bakteria. Weusi unaoanzia shinani na kupanda juu ni uozo wa mizizi na shina, na huo hupenda chungu kinachotuamisha maji. Vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, au magamba madogo ya kahawia yanayobanduka kwa kucha, ni wadudu.

Wadudu wafute kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, rudia kila wiki mpaka wasionekane tena. Uozo unataka wembe. Upitishe kwenye moto, uache upoe, kata mpaka uingie kwenye nyama nzima, usibakize hata ukingo wa kahawia. Kila mkato, pitisha tena motoni. Kidonda kipake mdalasini wa kusagwa, huu huu wetu wa Muheza, ila usiumwage kwenye mizizi mizima kwani utaikausha. Maji yasubiri siku mbili tatu. Okidi yenye maua kama kipepeo ina moyo mmoja tu wa kuchipukia. Ukioza huo, mara nyingi mmea hauendi mbali, ingawa wakati mwingine shina hutoa chipukizi pembeni. Kwa hiyo mwagilia asubuhi, na maji yakituama katikati ya majani, yakaushe kwa kitambaa. Jasho hili la Tanga, hasa masika, halikauki lenyewe.

Chungu chake kiwe na mashimo, na ndani weka vipande vya mkaa na makumbi ya nazi. Makumbi yaloweke na uyasuuze kwa maji baridi mara nyingi, siku kadhaa, hasa yakiwa yametoka ufukweni. Chumvi inaunguza mizizi, na wewe utadhani ni ugonjwa.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu virusi, kwa sababu hapa ndipo mimi niliumia. Miaka ya nyuma niliagiza okidi kwa muuzaji mmoja wa mbali. Majani yalikuwa na michirizi ya manjano, mingine imebonyea na kuwa myeusi, na ua lilipofunguka, rangi ilikuwa imekatika vipande vipande. Niliona ni urembo. Nikagawa miche, mkasi ule ule, chungu hadi chungu, na kwa mkono wangu mwenyewe nikaambukiza saba.

Wenye shamba la muhogo wananielewa. Batobato, ugonjwa wa virusi wa muhogo ambao kwa mara ya kwanza uliandikwa na wataalamu mwaka 1894 kutoka huku huku Usambara, husafiri na nzi weupe, lakini pia husafiri na mbegu za shina tunazopeana. Bibi zetu wakiona jani limejikunja na kubadilika rangi, shina lile hawachukui, hata wapewe bure. Virusi vya okidi hupita kwenye majimaji ya mmea, kupitia wembe, mkasi na vidole, na dawa havina. Mmea ukionyesha dalili hizo, utenge, usiukate, usigawe chipukizi. Ukizidi kuzionyesha, uchome. Najua inauma, umeulipia. Lakini kuulea ni kuwaweka hatarini wenzake wote.

Kabla hujatuma pesa, omba picha za leo za mizizi na mgongo wa majani, ukiacha ile ya ua. Mwambie muuzaji asimwagilie siku ya kufunga, boksi liwe na matundu, lisafiri usiku. Kubalianeni mapema kwamba ukimtumia picha siku ile ile utakayofungua, atarudisha. Asiyekubali hilo, muache. Mmea wa kutoka nje ya nchi uwe na kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mmea. Wahusika ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, waulize kabla hujaagiza. Okidi zote pia zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Na anayekuletea okidi iliyong'olewa porini Amani, ikiwa na magome na mizizi iliyokatika, usimpe shilingi yako. Pori lile ni hifadhi, na mmea wenyewe mara nyingi unakuja na wadudu na majeraha ambayo hayaponi.

Mdogo wangu wa Ngamiani, leo hii tenganisha vyungu vyote. Ya mama yako ishughulikie kwanza na wembe uliopita motoni, kisha zile mpya, kila moja na dirisha lake. Iliyooza moyo iache mbali, uitazame. Halafu chukua kalenda ya ukutani, hesabu siku arobaini kuanzia leo, tia alama. Siku ikifika, niandikie uniambie mizizi ina rangi gani.