SOMO LETU: MASURUFU YA SAFARI WAKATI WA DHIKI



Kila chama hukutana na swali hili: bei ikianguka, safari ipi ikatwe na ipi ibaki? Leo twatazama mfano wa wenzetu wakulima wa pamba wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu.

Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nchi za nje, kama karafuu zetu. Bei ikishuka ng'ambo, hushuka na Bariadi. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Mwaka 2020, mwaka wa korona, ilikuwa shilingi 810.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mjumbe wa chama cha msingi akienda Mwanza na kurudi atumia shilingi 120,000 kwa nauli, chakula na malazi. Kwa bei ya 2019, safari hiyo ni kilo 100 za pamba. Kwa bei ya 2020 ni zaidi ya kilo 148. Hata kama nauli haikupanda senti moja, kwa mkulima safari imepanda karibu nusu.

Hapo fikra hubadilika. Msafiri huogopa maradhi na njia kufungwa; Aprili 2020 ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa, zikaruhusiwa tena Mei. Mweka hazina naye, ambaye jana alitia saini bila ya kutazama, leo auliza: "Unakwenda kufanya nini?" Swali ni zuri. Ubaya wake ni kuulizwa wakati wa dhiki tu.

Lakini kukata safari zote ni kosa. Masurufu hukatwa kwanza kwa kuwa akiba yake huonekana siku ile ile, na khasara yake huchelewa. Mwaka ule ule wa 2020, maonesho ya Nane Nane ya kitaifa yalifanyika Nyakabindi, Bariadi. Mbegu, zana na mashine mtu huzijua kwa kuziona na kuzishika, simu haitoshi.

Kwa hiyo twashauri:

1. Safari ya kupeleka khabari tu, ipigwe simu.

2. Safari ya kukagua mali, kuhakiki mzani au kuonana na mnunuzi isikatwe. Bali aende mmoja badala ya watatu, na shughuli mbili zimalizwe kwa safari moja.

3. Kabla ya fedha kutoka, gharama iandikwe kwa kilo za karafuu kavu. Msafiri akirudi, awaeleze wanachama alichopata.

Fedha ya chama ni jasho la wachumaji. Atumiaye masurufu bila ya hesabu hula karafuu ya mwenziwe.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Safari za chama mwaka jana zilikuwa sawa na kilo ngapi?
(b) Ni zipi ambazo simu ingetosha?
(c) Ni ipi tuliyoiacha, ikatutia khasara?